Mwaka Nilioandika Kwamba Bertrams Haina Kiu

Kabla hujafungua hiyo kompyuta yako, nenda kwanza ukanawe mikono. Bomba likitoa maji, rudi tuongee. Lisipotoa, umeshapata somo la kwanza la kazi hii, tena bila kupoteza muda. Mimi somo hilo lilinichukua miaka mingi kulielewa, kwa sababu nilikuwa msomi.

Nimestaafu sasa. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu ilikuwa kukadiria maji: jiji hili la Johannesburg litahitaji maji kiasi gani mwakani, na baada ya miaka mitano, na baada ya miaka ishirini na mitano, wakati ambapo wengi wa waliosaini ripoti watakuwa wameshazikwa na hakuna wa kuwauliza. Hilo la mwisho ndilo lililoifanya kazi yetu kuwa tamu. Mpishi akizidisha chumvi anaumbuka papo hapo mezani. Mkadiriaji akikosea anapandishwa cheo, maana kosa lake litakapojulikana yeye atakuwa ameshahamia ofisi nyingine, anakosea mambo makubwa zaidi.

Nawaandikia ninyi watoto wetu mliozaliwa huku, mnaoelewa kila neno la Kiswahili tunalowasengenya nalo lakini mkiulizwa mnajibu kwa Kiingereza. Nasikia baadhi yenu mmeanza kusomea mipango ya maji. Binti yangu Thandi amenishauri niandike kwa ufupi, eti siku hizi hamna subira ya kusoma. Sitaandika kwa ufupi. Mtavumilia, kama mimi nilivyovumilia mikutano.

Mimi ni mtu wa Morogoro. Huko ndiko nilikokutana na Sipho, mkimbizi wa kisiasa kutoka huku, tukaoana, na kwao kulipofunguka tukaja wote. Yeye akiwa na ndoto za kuijenga nchi, mimi nikiwa na shahada yangu ya hesabu na sufuria mbili nzuri. Tukapata nyumba Bertrams, upande wa juu, kwenye mitaa inayopanda kilima. Kazi nikaipata Marshalltown, katika kampuni ndogo ya ushauri iliyokuwa ghorofa ya nne ya jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi siku za wageni tu. Kampuni yenyewe ilishakufa, kwa hiyo sina wa kumwogopa. Mwenye kampuni alikuwa Bwana Venter, mhandisi mwembamba aliyependa penseli zilizochongwa vizuri kuliko alivyopenda watu.

Wapangaji wa maji wa mkoa walikuwa wakitukodi tuwaambie kila eneo litahitaji maji kiasi gani, ili nao waamue bomba kubwa lipite wapi, tangi lijengwe kilima gani, na maji kiasi gani yaombwe kutoka milima ya Lesotho. Neno letu halikuwa amri. Lakini mezani palikuwa na tarakimu moja tu, nayo ilikuwa yetu, na watu wenye haraka huichukua tarakimu iliyo karibu na mkono.

Nilipoanza, sayansi yetu ilikuwa rula. Bwana Venter alichukua matumizi ya miaka kumi iliyopita, akaweka nukta kwenye karatasi ya miraba, akafumba jicho moja, akalaza rula juu ya nukta, akapiga mstari mpaka ukingo wa karatasi. Huo ukingo ndio ulikuwa mustakabali wa jiji. Baadaye zikaja kompyuta, zikafanya jambo lile lile kwa rangi nne. Sasa ninyi mna programu zinazojifunza zenyewe. Thandi amenionyesha moja, inazunguka, inawaza, inatoa mstari. Nikamwambia, mwanangu, hii ni rula iliyokwenda chuo kikuu.

Aliyenifundisha kazi hakuwa Venter. Alikuwa Mzee Khumalo, aliyekuwa msoma mita kwa maisha yake yote mpaka magoti yakamkatalia kutembea sana, ndipo Venter akamchukua aje akague takwimu akiwa amekaa. Alipewa meza ya dirishani. Aliongea Kizulu na Kiingereza kwa pamoja, na mimi aliniita makoti, jina wanalomwita mke aliyeolewa katika ukoo, ingawa hakuwa na undugu wowote na Sipho. Alisema nimeolewa na nchi nzima, kwa hiyo kila mzee ni mkwe wangu na ana haki ya kunikosoa. Aliitumia haki hiyo kila siku.

Mwaka wangu wa kwanza nilikaribia kuchekesha jiji zima kwa sababu ya Krismasi. Nilikuwa napitia takwimu za Desemba, nikaona matumizi yameporomoka, na hayakuinuka mpaka Januari ilipokaribia katikati. Nikaandika waraka wa dharura: ama mita za nusu ya jiji zimeharibika, ama kuna bomba kubwa limepasuka mahali na hakuna aliyegundua. Nikampelekea Mzee Khumalo autazame kabla haujaenda kwa Venter. Akausoma, akavua miwani, akafuta macho.

"Makoti, Desemba wewe na Sipho mlikuwa wapi?"

"KwaZulu, kwa wakwe."

"Na jirani yako wa kulia?"

"Limpopo, kwa mama yake."

"Na wa kushoto?"

"Alikwenda Zimbabwe, mzee."

"Sasa mlitaka nani abaki hapa aoge kwa niaba yenu?"

Nilichana ule waraka vipande vidogo sana. Lakini hebu niangalieni: msomi wa hesabu, mwenyewe nimefunga nyumba, nimefunga bomba la bustani, nimekaa mwezi mzima kwa wakwe napika kwenye masufuria makubwa, halafu narudi ofisini nashangaa Johannesburg haijaoga. Mtu akiwa na jedwali mbele yake husahau kwamba na yeye yumo ndani ya jedwali. Nilidhani kosa hilo nimelifanya mara moja, limekwisha. Kumbe lilikuwa mazoezi.

Khumalo alinifundisha mengine madogo madogo ambayo hamtayakuta kwenye vitabu vyenu. Mita inayosomeka tarakimu zilezile mwezi baada ya mwezi ina mbwa mkali. Msoma mita hakuingia ndani, alikaa kwenye spaza, kiduka cha kona, akanywa kinywaji baridi na kubuni. Tarakimu zinazoishia na sifuri kila mara zimesomwa kutoka kwenye kiti. Na eneo ambalo takwimu zake ni nzuri mno, zinapanda taratibu kila mwaka bila mkunjo, usilisifu, kalitembelee.

Alinipeleka Alexandra, mtaa wa watu waliobanana, mara moja, tulipokuwa tunakadiria kwa kanuni ya ofisi: kila ua mmoja, watu wanne. Kanuni hiyo hakuna aliyejua imetoka wapi. Nadhani Venter alikuwa na watoto wawili. Tukaingia ua mmoja wenye bomba moja katikati na vyumba vya mabati pande zote mpaka jua linaingia kwa shida. Nikatoa fomu yangu, nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa anafua, "Hapa mnaishi watu wangapi?"

Akanitazama, akatazama fomu. "Unataka wa asubuhi au wa sasa hivi?"

Khumalo akageukia ukuta asionekane anacheka. Tulikaa pale asubuhi nzima tukihesabu ndoo badala ya watu. Ndoo hazidanganyi wala hazina haya. Tuliporudi, Venter alisema kuhesabu ndoo si mbinu inayotambulika. Nikamwuliza ile ya watu wanne inatambulika na nani. Alichonga penseli.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Maji ya mitaa yetu ya juu hutoka kwenye tangi lililo kilimani, na tangi hilo hujaa pale tu walio bondeni wanapokuwa wametosheka. Bomba lililokuwa likilijaza lilikuwa dogo, la zamani. Miaka ikaja ambapo mitaa ya chini haikutosheka tena, na sisi wa juu tukaanza kuona bomba likikohoa, kisha likitoa hewa, kisha likinyamaza. Maji yakawa ya saa chache, siku nyingine siku nzima hakuna. Tukanunua mapipa. Tukajifunza kuoga kwa kopo na kuyatumia maji ya kuogea kusafisha choo. Na mimi kila siku nilikwenda Marshalltown na madumu mawili ya lita tano, nikayajaza jikoni pa ofisi jioni kabla Sipho hajanipitia na gari. Mlinzi wa mlangoni alijaza yake. Mama wa usafi alijaza yake. Tulipanga foleni kwenye sinki la watabiri wa maji, na hakuna kati yetu aliyeona kichekesho.

Wakati ukafika wa kuandika makadirio ya Bertrams. Nikakaa na takwimu: matumizi yameshuka, mwaka wa pili yameshuka, mwaka wa tatu yameshuka tena. Mstari ukawa unateremka vizuri kabisa, nadhifu. Siku hiyo nilikuwa nimefunga kitambaa kichwani kwa sababu nywele zangu zilikuwa hazijaoshwa kwa wiki mbili. Miguuni pangu, chini ya meza, palikuwa na madumu yangu matupu. Nikaandika, kwa mkono wangu huu: "Wakazi wa Bertrams wameonyesha mabadiliko chanya ya tabia katika matumizi ya maji. Mahitaji yanatarajiwa kuendelea kupungua."

Rudieni tena kuisoma hiyo sentensi. Niliiandika mimi, niliyetoka kuoga kwa kopo.

Sentensi ikapendwa. Venter aliisoma kwa sauti. Wapangaji wakaipenda zaidi, kwa sababu kulikuwa na pendekezo la kuweka bomba kubwa la kupandisha maji kwenye tangi letu, na sasa pendekezo hilo lingeweza kusubiri. Mbona watu wenyewe hawayataki maji? Bomba likasogezwa mbele, na mafundi wakaelekezwa kaskazini, Sandton, ambako mahitaji ya majengo ya ofisi yalikuwa yanapanda haraka. Hilo nalo nililiandika mimi, chini ya kichwa "Ukuaji wa biashara". Kisha ikatolewa hati ya pongezi, yenye fremu na kioo, kwa eneo lililobana matumizi vizuri kuliko yote. Ikatundikwa kwenye ukumbi wa mtaa wetu. Siku ya kuitundika ilibidi vikombe vya chai viazimwe kutoka kwa jirani, maana vya ukumbini vilikuwa vichafu na hakukuwa na maji ya kuviosha.

Mtaa wa pili kutoka kwangu palikuwa na saluni ya Mama Espérance, mwanamke wa Bukavu, mwenye viti viwili, sinki moja, na mdomo usiopumzika. Ndiye aliyekuwa ananitengeneza nywele tangu alipofungua. Jumamosi moja nikaenda, nikakuta kibao kipya mlangoni, kimeandikwa kwa wino wa buluu: Kuja na maji yako. Nikaingia. Wateja watatu walikuwa wamekaa, kila mmoja na chupa mapajani: chupa kubwa za soda, dumu la mafuta ya kupikia lililooshwa.

"Ni mtindo mpya huu?" nikauliza.

"Bateja banakuya na mayi yabo," akasema Mama Espérance, mikono ikiwa kichwani kwa mtu. "Miye nafanya nini? Saluni bila mayi, ni saluni ya nini? Benye habana mayi banarudi kwabo na kichwa chafu. Leo nimerudisha banne."

Pembeni yangu alikuwa amekaa dada mmoja Mkenya, amevaa sare ya ulinzi. Nikamwuliza maji yake ameyapata wapi, maana na yeye alikuwa anaishi huku huku juu.

"Mimi hujaza kwa job," akasema. "Sandton. Kila mtu hujaza, ata supervisor. Huko maji haipotei."

Wa pili alifanya usafi kwenye jengo la ofisi, Sandton vilevile. Wa tatu alipika kwenye nyumba ya watu huko huko kaskazini, na alikuwa anaondoka kila jioni na chupa nne.

Nilicheka kwanza. Halafu nikaanza kuhesabu chupa. Ule "ukuaji wa biashara" nilioupigia mstari, sehemu yake ilikuwa imekaa pale mapajani mwa wale akina dada, inasubiri kuosha nywele. Kiu ya Bertrams ilikuwa inapanda kwenda kazini asubuhi, inasomwa na mita za Sandton, inarudi jioni ndani ya chupa. Kwetu nikaandika hawahitaji. Kwao nikaandika wanahitaji zaidi. Na kwa kalamu hiyo hiyo nikawapelekea bomba.

Mama Espérance aliniosha kwa maji niliyoleta kutoka ofisini. Aliponikausha akainama, akasema kwa sauti ya chini, bila utani: "Mama Thandi, weye unafanyaka kazi ya mayi, si vile? Bon. Ambia bale bakubwa bako, huku mayi haiko. Saison ya joto ingine ikipita vile, miye nafunga. Sina tena nguvu ya kurudisha batu."

Nikamwahidi nitawaambia.

Jumatatu nikamweleza Mzee Khumalo. Hakushangaa, jambo lililoniudhi sana. "Eish, makoti. Mita inasoma kilichopita ndani yake. Kisichopita haikijui. Mimi nilidhani unajua, unaishi huko."

Nikaenda kwa Venter. Ripoti mpya ya mwaka, yenye sentensi yangu ile ile, ilikuwa imeshachapwa, imeshafungwa kwa ule waya wa plastiki, inasubiri saini yangu kwenye ukurasa wa Bertrams kabla ya kupelekwa Ijumaa. Nikamwambia takwimu zetu zinaonyesha ukame wa mabomba, hazionyeshi mahitaji. Akaniuliza chanzo changu ni nini.

"Naishi huko. Na nimeongea na watu saluni."

"Saluni," akasema Venter, kama mtu aliyeonjeshwa kitu. "Tutaweka maelezo mwakani, tukipata data."

Nilisaini.

Nimetafuta sababu nzuri kwa miaka yote hii ili niwaandikie. Ningeweza kusema nilikuwa mgeni katika nchi ya watu, na mgeni hujifunza kutopandisha sauti ofisini, na hilo ni kweli. Lakini mwenyewe nilikuwa na uraia na kiti changu na heshima yangu. Ukweli ni kwamba ripoti ilikuwa imeshafungwa, jalada lake lilikuwa zuri, na kuifungua kungeonekana ni usumbufu. Nilikuwa najua, na nilisaini. Nilijionea aibu siku ile na ninajionea aibu leo ninapoandika.

Mwaka ule sikwenda tena kwa Mama Espérance. Nikawa nasukiwa mjini, kwa watu nisiowafahamu, wakanivuta nywele mpaka macho yakatoa machozi, nikaona nimestahili. Tulikutana siku moja kwenye robot, kama huku tunavyoziita taa za barabarani, karibu na uwanja wa mpira, kila mtu na mzigo wake. Akanitazama kichwa, akajua mikono iliyonisuka si yake. "Umenitupa, Mama Thandi?" Nikasema kazi zimenibana. Akasema, "Kazi ya mayi," akavuka barabara.

Hapo ndipo nilipoacha kujitetea. Nikaenda kwake Jumamosi ile ile, nikamwambia yote: sentensi, hati ya pongezi, saini. Alinisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada. Kisha akauliza, "Sasa tunafanya nini?"

Tulichofanya ni hiki, na hiki mkiandike mahali. Mimi na Mzee Khumalo tuligawa kalenda, zile za bure za duka la nyama, kwenye nyumba kadhaa za mitaa ya juu na kwenye saluni. Kila siku mwenye nyumba aandike saa ngapi maji yamekuja na saa ngapi yamekatika. Basi. Wengine waliandika kwa penseli. Mama Espérance alitumia rangi ya nywele: doa jekundu siku ya maji, doa jeusi siku kavu. Kwenye jedwali langu la zamani, lenye lita na miezi, nikaongeza safu moja mpya, saa za maji. Na papo hapo ule mstari nadhifu unaoteremka ukafunguka wenyewe. Watu hawakuwa wamebadili tabia. Kila saa moja ambayo bomba lilitoa maji, walitumia maji kama watu wengine wote wa jiji. Saa zenyewe ndizo zilizopungua.

Nikarudi kumwonyesha Mama Espérance. Nikamwambia angoje kidogo, mkutano ni mwezi ujao, baada ya hapo mambo yatakwenda haraka.

"Nitangoja," akasema. "Lakini bateja habangoje."

Kwenye mkutano walikuwepo wapangaji wa mkoa, watu kama kumi na wawili, na Venter mwisho wa meza. Ilipofika zamu yangu nikasimama, nikasema takwimu za Bertrams za miaka yote hii ni zangu mimi, na ni mbaya, na ya mwisho nilisaini nikijua ni mbaya. Nikaweka kalenda mezani. Mmoja alichukua ile ya saluni, akagusa doa, akanusa kidole.

Mama mmoja mpangaji, ambaye hakuwa amecheka hata mara moja tangu asubuhi, akaniuliza, "Kwa hiyo mahitaji halisi ni kiasi gani?"

"Sijui," nikamjibu. "Naishi huko na sijui. Hakuna anayejua, kwa sababu hatujawahi kuwapa maji tukaona wanatumia kiasi gani."

Katika kazi yetu neno "sijui" lilikuwa halijawahi kusemwa ndani ya chumba kile. Venter alishika penseli yake kwa mikono miwili. Lakini yule mama akaandika kitu, na uamuzi ukatoka: kwa miezi miwili maji yatageuzwa kutoka laini ya jirani, tangi letu lijazwe mpaka juu mchana na usiku, na mita zisomwe kila wiki, mlango kwa mlango. Tangu uamuzi mpaka valvu kufunguliwa ilipita karibu miezi mitano, maana fomu nazo zina safari zake.

Maji yakaja. Wiki ya kwanza watu walifua mpaka mapazia. Wiki ya tatu matumizi yakatulia, yakakaa pale yalipo ya mitaa mingine yoyote ya watu wa hali yetu, juu kabisa ya mstari wangu wa zamani. Venter akaitazama grafu. "Unaona?" akasema. "Ukiwapa, wanatumia."

"Ndiyo, Bwana Venter. Ndiyo maana yanaitwa mahitaji."

Bomba kubwa likapitishwa, likawekwa. Maji ya mitaa ya juu ya Bertrams leo si kamili, hakuna kilicho kamili katika jiji hili, lakini yapo. Makadirio niliyoandika baada ya majaribio yale yalikuwa bora kuliko yote niliyowahi kuyafanya. Miaka ilipita na ukweli ukawa unatembea sambamba nayo, na mpaka nastaafu yalikuwa yanatumika kufundishia vijana wapya. Nilipigiwa makofi nayo. Safu ya saa za maji ikaingia kwenye fomu za kila eneo.

Nililopigiwa makofi mmelisikia. Sasa sikilizeni la pili.

Usomaji wa wiki ya nne tuliufanya mimi na Mzee Khumalo wenyewe, kwa sababu alitaka kuzisoma mita kwa mara ya mwisho kabla magoti hayajaisha kabisa. Tulitembea polepole, yeye akifunua vifuniko kwa fimbo na kusoma, mimi nikiandika. Tukafika saluni, ambako kazi za majaribio zilikuwa hazijaniruhusu kupita kwa miezi miwili. Kibao kilikuwa kimeondolewa. Mlango ulikuwa na kufuli, na kupitia kioo tuliona sinki limewekwa sakafuni, limegeuzwa ukutani. Jirani, fundi wa kushona nguo, akatuambia Mama Espérance ameondoka na viti vyake, amekwenda Durban kwa mdogo wake. Alifunga wiki tatu kabla maji hayajafunguliwa. Hakuacha namba.

Nikapiga hesabu pale pale, hesabu ndiyo kazi niliyosomea. Kama ningekataa kusaini mwaka uliotangulia, maji yangemkuta.

Mzee Khumalo alikuwa ameinama kwenye mita ya saluni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Sindano haikuwa inacheza. Akainuka kwa shida, akaniangalia nikiwa nimeshika kalamu juu ya kile kisanduku cha fomu.

"Niandike nini, mzee?"

"Andika inachosema, makoti."

Nikaandika sifuri. Ikaingia kwenye jumla ya mtaa, ikashusha wastani kidogo, ikaenda mpaka kwenye makadirio yale mazuri mnayofundishiwa. Mkiyafungua mtamkuta humo, mwanamke mwenye saluni, hahitaji maji.